Herufi ni za karatasi, sio za nyumba: nilivyoacha kuhangaika na saizi za maandishi kwenye ramani za CAD

Mwaka wa pili tangu nianze kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta (ndo hiyo CAD) hapa Mwanza nilipigiwa simu na fundi mmoja mtu mzima, yeye huniita dada injinia ingawa nimeshamwambia mara nyingi mi ni mchoraji tu, akaniuliza, "Dada, ringi za nguzo hapa umeandika mia na hamsini au mia na themanini?" Nikamjibu mia na hamsini, yaani milimita kutoka ringi moja ya nondo mpaka nyingine. Akanyamaza kidogo alafu akasema basi tumeshafunga nguzo sita kwa mia na themanini. Zege lilikuwa halijamwagwa, namshukuru Mungu kwa hilo, wakafungua waya wakapanga upya na ringi za kuongezea ikabidi zikunjwe, siku nzima ya vijana wanne ikaishia hapo. Jioni nikaenda saiti kuiangalia ile karatasi. Hata mi niliyeandika nilishindwa kuisoma. Herufi zilikuwa na urefu wa milimita moja, printa ya steshonari ilimwaga wino vibaya, ile 5 imejaa katikati ukiitazama unaona 8 kabisa.

Nilivyofungua faili nikaona makosa yametokea hatua mbili. Diteli ya nguzo, yaani mchoro wake wa karibu, niliichora ya kutoka kwa skeli ya 1:20 kwenye karatasi ya A1, maandishi nikayapa urefu wa 50 kwenye modeli, ile sehemu ya faili unapochora kwa saizi halisi kwa milimita, na hiyo ni 2.5 mm kwenye karatasi, hapo sawa. Baadae nafasi kwenye leiauti, yaani ukurasa wa kuprinti, haikutosha nikalibadilisha dirisha linaloonyesha mchoro humo likawa 1:25, maandishi sikuyagusa, yakashuka mpaka 2 mm. Alafu mkandarasi akaprinti A3 badala ya A1 kwa sababu ni bei nafuu na inakunjika mfukoni, kila kitu kikawa nusu. Ndo ikawa milimita moja.

Kuanzia siku ile nilibadilisha namna ninavyofikiria maandishi kwenye mchoro, na hicho ndicho nataka nikueleze wewe unayeanza. Ukuta wa mita tatu ni mita tatu, ni mali ya nyumba, unauchora kwa saizi yake halisi na skeli itaupunguza yenyewe. Ila neno "JIKO" halipo kwenye nyumba. Lipo kwenye karatasi, kwa ajili ya macho ya mtu aliyeishika. Kwaiyo urefu wake unaamuliwa kwenye karatasi kwanza, kabla hujagusa kompyuta, na programu ndo inatakiwa ifuate. Wengi wetu tunafanya kinyume, tunaandika neno, tunalikuza mpaka liwe zuri kwenye skrini, tunalikopi kwenye michoro mingine. Kwenye skrini kila kitu kinaonekana kizuri kwa sababu unazumu.

Hesabu yenyewe ni kuzidisha tu. Urefu unaoutaka kwenye karatasi mara skeli. Nataka 2.5 mm na plani ni 1:100, naandika 250. Seksheni ya 1:50, 125. Diteli ya 1:20, 50. Ramani ya kiwanja ya 1:500, 1250. Sasa chukua lile neno la 250 kutoka kwenye plani ulibandike kwenye diteli ya 1:20 uone, litatoka na urefu wa 12.5 mm, kubwa kama kichwa cha habari, na ukilibandika kwenye ramani ya kiwanja litatoka nusu milimita, yaani doti. Ndo maana unakuta seti moja ya michoro ya mtu mmoja, ukurasa huu herufi zinapiga kelele, ukurasa ule zimepotea.

Urefu gani wa kuchagua? Hapa naomba nikae kidogo maana ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Mzee aliyenifundisha kuchora alikuwa wa enzi za kalamu za wino na karatasi ya kuangazia, bado alikuwa na stensili zake za herufi kwenye kopo la maziwa, moja imeandikwa 2.5, nyingine 3.5, nyingine 5, nyingine 7. Nilidhani ni namba za kiwandani tu. Kumbe zimetoka kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 3098, kila saizi ni ile ya chini yake mara 1.4 hivi, yaani kipeuo cha pili cha 2, na karatasi za A nazo zimepangwa kwa uwiano huohuo. Kwaiyo ukiandika 3.5 kwenye A1 alafu mtu akaipunguza ikawa A2, herufi inakuwa karibu 2.5. Ukiandika 5 kwenye A1 ikapunguzwa mara mbili mpaka A3, inakuwa 2.5. Na unene wa kalamu nao unaenda hivohivo, herufi ya 2.5 kwa kalamu ya 0.25, ya 3.5 kwa 0.35, ya 5 kwa 0.5, sehemu moja ya kumi. Waliopanga walijua karatasi itapunguzwa na wakahakikisha itasomeka.

Kwaiyo swali la kwanza ninalomuuliza mteja saivi ni, mtaprinti karatasi gani saiti? Akiniambia A3 basi leiauti yangu ni A3 tangu mwanzo na maandishi ya kawaida ni 2.5, majina ya vyumba 3.5, vichwa 5. Akisema A1 lakini najua kabisa nakala za mafundi zitakuwa A3, maandishi ya nondo na vipimo naweka 5 kwenye hiyo A1. Inajaza karatasi kweli, inabidi upange vizuri na wakati mwingine uongeze ukurasa. Ongeza ukurasa. Karatasi moja zaidi ni bei ndogo kuliko ringi.

Haya, tuje kwenye AutoCAD yenyewe, maana ndo programu nayotumia. Kuna njia mbili na zote nimezitumia sana. Ya zamani ni hiyo ya kuzidisha kwa mkono, unatengeneza staili ya vipimo kwa kila skeli, moja ya 50, moja ya 100, zote zina urefu wa herufi 2.5 ila DIMSCALE, yaani namba ya kuzidishia, ya moja ni 50 na ya nyingine ni 100. Inafanya kazi, na ukibadilishana mafaili na watu wenye programu za bure au matoleo ya kale ndo salama zaidi. Shida yake ni ile iliyonikuta, ukibadilisha skeli ya dirisha, maandishi hayajui.

Njia ya pili ni ya maandishi yanayojirekebisha, anotetivu, ambayo ipo tangu AutoCAD 2008. Unaingia kwenye staili ya maandishi unatiki anotetivu, unaweka urefu wa karatasi 2.5, basi. Kabla ya kuandika unachagua skeli pale chini kulia kwenye skrini, au unaandika CANNOSCALE, tuseme 1:100, neno linajiweka lenyewe 250. Ukitaka neno hilohilo lionekane pia kwenye dirisha la 1:50, unalichagua, unaandika OBJECTSCALE, unaongeza 1:50. Ni neno moja lenye saizi mbili, ukilihariri linabadilika kote, na kila saizi unaweza kuisogeza sehemu yake bila kuigusa nyingine. Vipimo, mishale ya maelezo, bloku za alama na hata hachi, ile mistari ya kujazia maeneo, vinakubali hivohivo.

Ila njia hii ina mitego yake na watu wengi huiacha kwa sababu ya mitego hiyo, sio kwamba ni mbovu.

Mtego mkubwa ni maandishi kupotea. Unafungua leiauti, dirisha la 1:50 halina neno hata moja, unadhani faili limeharibika. Halijaharibika, maneno yale hayajapewa 1:50. Weka ANNOALLVISIBLE kuwa 1 utayaona yote, yape skeli inayotakiwa, alafu irudishe 0. Kinyume chake ni ANNOAUTOSCALE, hii ikiwa imewashwa kila ukibadilisha skeli programu inaiongeza kwenye maandishi, ikiwa 4 inaongeza kwenye yote, ukizunguka skeli sita kuangalia tu basi kila neno lina skeli sita, na maelezo ya diteli yanatokea juu ya plani ya 1:100. Mi naizima kabisa, naongeza kwa mkono nikijua naongeza nini.

Mwingine ni dirisha lenyewe. Umeshaliweka 1:50 vizuri, umeingia ndani kusahihisha mlango, umezungusha gurudumu la mausi bila kukusudia, dirisha saivi ni 1:47 na kitu. Skeli ya maandishi imebaki 1:50, kwaiyo saizi sio 2.5 tena na mchoro hauna skeli ya kueleweka. Ukishaweka skeli, lifunge dirisha kwenye propatizi, hapohapo, kabla hujafanya kingine chochote.

Na kuna huu uliokula mchana wangu mzima: staili ya maandishi inayotumika ndani ya vipimo lazima urefu wake uwe 0. Ukiupa urefu wowote, staili ya vipimo inauheshimu huo na kile unachoandika kwenye DIMTXT, yaani urefu wa herufi za vipimo, hakisikilizwi kabisa, utabadilisha mpaka uchoke namba haziongezeki wala kupungua. Nina staili mbili, moja ya maelezo yenye 2.5 na moja ya vipimo yenye 0.

Wapima ardhi wanachora kwa mita, sisi milimita. Ukiletewa ramani ya kiwanja ya mita ukachagua 1:500 kwenye orodha ya kawaida, itatoka ndogo mara elfu moja. Andika SCALELISTEDIT utengeneze skeli yako, uipe jina kama "1:500 mita", karatasi 2 kwa mchoro 1, maana mita moja kwa 1:500 ni milimita 2. Kwa 1:100 ni karatasi 10 kwa mchoro 1.

Mistari ya nukta nayo ni ndugu wa maandishi, ukingo wa paa uliochorwa kwa nukta unatoka kama mstari mzima kwenye dirisha moja na kwenye lingine unatoka vizuri. Weka LTSCALE 1, PSLTSCALE 1, MSLTSCALE 1, ndo zinazosimamia ukubwa wa nukta, alafu andika REGENALL ichore upya. Sina la kuongeza hapo.

Vichwa vya michoro, mshale wa kaskazini, maelezo ya jumla, jedwali la milango, hivi mi naviandika moja kwa moja kwenye leiauti, 3.5 ni 3.5, hakuna hesabu. Wanaotumia programu ya Revit wao saizi ya maandishi tayari ni ya karatasi, na ArchiCAD inakuuliza unataka maandishi yafuate karatasi au mchoro, kwaiyo wa ArchiCAD chagueni tu karatasi.

Kwenye kuprinti, leiauti inatoka 1:1, ile ya kufiti kwenye karatasi usiiguse, na unapompa mtu wa steshonari PDF mwambie aprinti saizi halisi maana programu za PDF nazo hupenda kufiti. Mi naweka kila ukurasa mstari wa skeli wenye urefu wa 100 mm, ikitoka napima na rula. Ikisoma 97 narudisha. Fundi naye nikamwonyesha, akiletewa nakala anapima ule mstari kwanza, na akikuta 50 anajua hii ni nusu, asipime kitu kwa rula humo, asome namba tu.

Kama una mafaili ya zamani usiyabadilishe yote. Chukua lile unalolifanyia kazi saivi, weka CANNOSCALE kwenye skeli ambayo maandishi yale yaliandikiwa, kwa mfano 1:100 kama yana 250, ndipo uyachague na kuyafanya anotetivu, yatajisoma yenyewe kuwa 2.5. Ukisahau ukafanya hivo ukiwa kwenye 1:1 yatajisoma kuwa ni 250 ya karatasi, na ukiyapeleka kwenye 1:100 yatafunika kiwanja kizima, hapo rudi nyuma kwa Ctrl+Z, weka skeli, anza tena.