Katia zote, nimfuate?

SWALI: Shikamoo dada. Nacheza poka kwenye simu, meza ya blaindi (dau la lazima kabla ya kugawiwa karata) senti 1 na senti 2 za dola. Juzi nilishika ree na tisa, zote kopa. Flopu, zile karata tatu za kwanza za wote mezani, ikaja mfalme wa kopa, saba ya kopa na tatu ya maua. Poti, yaani hela inayogombewa, ilikuwa na senti 40. Jamaa mmoja, kimya tangu nikae mezani, akatia zote: dola 1.60. Mimi nilikuwa na zaidi ya hizo, ila nikakunja, nikatupa karata. Washikaji wa maskani wananicheka, eti ukinusa flashi (karata tano za aina moja) ya ree, haikunjwi. Na je, nina dola 30, nipande meza ya senti 5 na 10?
Msomaji, Mbagala Rangi Tatu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao washikaji walipiga hesabu, au walicheka tu?

Umebakiza kopa moja kutimiza flashi. Kopa ziko 13 na wewe umeshaona nne. Zimebaki 9 ndani ya karata 47 usizozijua. Kwa kuwa jamaa katia zote, karata mbili zilizobaki ungeziona bila kuongeza hata senti, kwa hiyo zidisha 9 kwa 4: kama asilimia 36 ya kuipata. Hesabu kamili ni asilimia 35. (Angekuwa bado na hela ya kukubana kwenye karata inayofuata, ungezidisha kwa 2 tu. Hapo wengi huteleza.)

Sasa bei. Unalipa 160 ndani ya poti itakayofika 360, yaani unatakiwa ushinde asilimia 44 ndipo utoke sare. Thelathini na tano haitoshi.

Najua utasema, "Na ree nyingine je?" Ni kweli: kama ana mfalme na malkia, yaani jozi ya wafalme, ree tatu zilizobaki nazo zinakuokoa. Karata 12, asilimia 45. Imepita kidogo, sivyo? Ila mwenye meza naye anakula. Akikata asilimia 5, senti 18 zimeondoka, unagombea 342, na sasa unahitaji karibu asilimia 47. Imekufa tena.

Na hapo nimekupa jamaa mwenye mkono laini. Nimegawa karata kwenye kasino moja hapa mjini, na mtu aliyetulia kama yule, akiamka ghafla na mara nne ya poti, sikumbuki akionyesha takataka. Kama ana saba mbili mkononi, zinakuwa saba tatu, ree haikusaidii kitu, na hata kopa ikija anaweza kupata ful hausi (tatu za namba moja na mbili za nyingine), inayopiga flashi. Unabaki na kama robo. Kama ana ree na mfalme, ree ikija inamneemesha yeye.

Kwa huyo, ulikunja vizuri. Angekuwa yule mropokaji anayetia zote kila mkono, ningemfuata bila kuhema: mara nyingi hana hata jozi, na ree yako peke yake inaongoza.

Kuhusu kupanda: meza ya senti 5 na 10 watu hukaa na dola 10. Hizo zako ni vikao vitatu, na vitatu vinaweza kuisha kabla daladala haijatoka Rangi Tatu kufika Kariakoo. Subiri uwe na dola 200, na zisiwe za kodi ya nyumba.