Kashe ni kubwa, mbona programu inazidi kuwa nzito?

SWALI: Mkuu naomba msaada. Nina mashine mbili, moja prosesa yake ina kori (vitengo vya kufanya kazi) 64 na L3, yaani kashe, ile kumbukumbu ya haraka ya ndani ya prosesa, ya MB 256, nyingine kori 8 na L3 ya MB 32. Programu yangu inahesabu matukio kwa thredi 8 (mikondo 8 ya kazi inayokwenda kwa pamoja), kila thredi ina kaunta yake ndani ya arei moja (namba zilizopangwa mfululizo kwenye kumbukumbu) kwa hiyo hazigusani. Kwenye ile ndogo inaenda vizuri tu, kwenye kubwa inakuwa nzito kuliko hata nikiwasha thredi 1. Si kashe kubwa ndo bora?

JIBU: Hapana mkuu, na hiyo namba ya MB 256 imewapoteza wengi. Ile ni jumla. Chukua Epyc za AMD za 2019, kori 4 zinagawana MB 16, makundi yako 16 ndo unapata 256, ila kori moja inajaza kwenye MB 16 za kundi lake basi, na data ikiwa kwa kundi jingine safari yake inakaribia ile ya kwenda RAM. Hiyo ndogo yako huenda kori zote 8 zinakula sufuria moja, yaani L3 moja.

Lakini ukubwa sio ugonjwa wako. Umesema kaunta hazigusani, zinagusana sana! Kashe haibebi namba mojamoja, inabeba laini nzima, baiti 64 kwenye prosesa nyingi, sasa kaunta 8 za baiti 8 kila moja ni baiti 64 kamili, zote zimelala kwenye laini moja au mbili. Kori ikitaka kuandika lazima laini iwe yake peke yake, nakala za wenzake zinafutwa, mwenzake naye akitaka kuandika anainyang'anya, hivyo hivyo mamilioni ya mara. Hata kwenye ndogo ugomvi huo upo, ila kule laini inazunguka ndani ya L3 moja, kwenye kubwa inavuka makundi kila mara. Kukosa kwa aina hii (kori inatafuta data kwenye kashe yake haiikuti) hata ukiweka kashe ya GB 1 hakuponi.

Dawa yake, kila thredi ihesabu kwenye variabo yake ya ndani halafu ujumlishe mwisho, mimi hii ndo naipenda. Ukishindwa tenganisha kaunta kwa baiti 64, na kwenye M1 ya Apple weka 128 maana laini zake ni ndefu zaidi.

Kabla ya kurekebisha pima kwanza. Kwenye Linux tumia perf c2c, itakuonyesha laini zinazogombaniwa, angalia safu ya HITM (mara ambazo kori imekuta laini inayoitaka imebadilishwa kwenye kashe ya kori nyingine). Na ukilinganisha mashine zifunge thredi kwenye kori maalum kwa amri ya taskset, pima na thredi 1, 2, 4, 8, usiangalie tu asilimia ya kukosa maana kukosa kunakojibiwa na jirani na kunakojibiwa na kundi la mbali gharama zake haziko sawa hata kidogo. HITM zikishuka na bado ni nzito, hapo ndo tuanze kuongelea ukubwa.