Wali wa Majani na Mashua za Joka

SWALI: Asalaam aleikum, Mhariri. Mwanangu anayesoma China alinitumia picha ya wali uliofungwa kwa majani, akasema huliwa siku ya mashindano ya mashua. Ni chakula gani, na Mwislamu aweza kukila? – Mama wa Langoni, Lamu.

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Hizo ni zongzi, chakula cha sikukuu ya Duanwu, siku ya 5 ya mwezi wa 5 wa kalenda ya Kichina. Wachina nao huandama mwezi, ila katika baadhi ya miaka huongeza mwezi wa 13, na kwa hiyo sikukuu hiyo haihami misimu kama Ramadhani yetu.

Mchele wa kunata hurowekwa, ukatiwa ndani ya jani la mwanzi au la tete lililokunjwa kama kifuko cha karanga, ukafungwa kwa uzi na kuchemshwa saa kadhaa hadi ushikamane na kunukia jani. Kaskazini hutiwa tunda kavu ambalo ni ndugu wa kunazi zetu, jambo lililonifurahisha sana nilipolijua. Kusini hupendwa nyama ya nguruwe na kiini cha yai la chumvi. Kwa hiyo mwanao asile kabla ya kuuliza kilichomo, na ni bora zaidi anunue kwa Waislamu wa huko, kama vile Wahui.

Yasimuliwa kwamba Qu Yuan, mshairi na mshauri wa mfalme wa dola ya Chu, alijitosa katika mto Miluo yapata mwaka wa 278 kabla ya Kristo, watu wakakimbilia mashua kumtafuta na kutupa wali majini ili samaki wasiuguse mwili wake. Sisi tuliokulia kwenye tenzi hatuoni ajabu mshairi kuliliwa hivyo. Mashua zao, zenye kichwa cha joka kwenye omo, hazina tanga kama majahazi yetu ya mashindano ya Maulidi, bali huendeshwa kwa makafi yanayofuata mdundo wa ngoma.

Siku hiyo pia hutundikwa majani yenye harufu kali mlangoni ili kufukuza maradhi, na watoto huvishwa mkononi nyuzi za rangi 5.

Ukitaka kujaribu nyumbani, mama, tafuta mchele wa kunata, kwa maana pishori hautashikamana. Pasha jani la mgomba motoni lilegee, tia tende katikati ya mchele, funga imara, kisha chemsha saa 2 au 3, maji yakifunika vifurushi wakati wote.