Kura yangu naipa Mama Ash

Mmetuuliza wiki hii: katika katuni na gemu tulizokua nazo, ni mzazi yupi anayelaumiwa bila haki? Mimi nampigia kura Delia Ketchum wa Pokémon, katuni ya Kijapani ya watu wanaokamata na kufunza viumbe wa ajabu, nao wanaitwa Pokémon, ili washindanishwe. Ni mama yake Ash, mhusika mkuu. Wajapani wanamwita Hanako. Kosa lake, kwa mujibu wa wanaomsema, ni kumruhusu mtoto wa miaka 10 atoke nyumbani kwenda kuzunguka nchi nzima akiwa na Pikachu, Pokémon mfano wa panya wa umeme, begani.

Ngoja kwanza. Katika ulimwengu ule, miaka 10 ndio umri wa kuanza safari ya kuwa mkufunzi wa Pokémon. Gary, mtoto wa jirani na mjukuu wa Profesa Oak, anaondoka Pallet, mji wao, siku hiyohiyo, tena ndani ya gari, wasichana wakimshangilia. Babu mtu ndiye anayewagawia watoto Pokémon na kuwaaga. Mbona simsikii mtu akimsema babu?

Turudi kwenye sehemu ya kwanza kabisa, iliyorushwa Japani Aprili 1, 1997. Ash kachelewa kuamka, kafika maabara ya Oak na pajama, Pokémon nzuri zote zimeshachukuliwa. Akitoka na Pikachu anamkuta mama yake nje na majirani, na begi limeshafungashwa: nguo safi, chakula, glavu za mpira za kufulia, hadi kamba ya kuanikia. Mtoto anaona aibu mbele za watu. Waliosoma bweni wanamjua mama huyu, yule anayekuhesabia soksi mbele ya wenzako getini. Basi dakika chache baadaye Pikachu anagoma kutembea, na bwana mdogo anafanyaje? Anavaa glavu zilezile ili asipigwe shoti, anamfunga Pikachu kwa kamba ileile, anamkokota. Mama alivifungasha kabla hajajua mwanawe atapewa mnyama gani. Bila begi lile safari ingeishia mlangoni kwa Oak.

Sehemu ya pili, Ash yuko kituo cha Pokémon mjini Viridian, Pikachu kaumia vibaya. Anapiga simu nyumbani. Mama anamwambia baba yake alichukua siku nne kufika mji huo alipoanza, kwa hiyo yeye amewahi. Halafu anamuuliza kama anabadilisha chupi kila siku. Watu wanaicheka simu hiyo. Mimi naona ndiyo simu ya mzazi anayejua la kumwambia mtoto aliyeogopa: kwanza anamtia moyo, kisha anamrudisha kwenye mambo madogo anayoyaweza. (Tulioitazama kwa Kiingereza, mjue kwamba kwa miaka mingi mama na mwana walikuwa sauti ya mtu mmoja, Veronica Taylor. Alikuwa anajipigia simu mwenyewe.)

Na Ash alikuwa mtu wa kushindwa, tusifichane. Ligi yake ya kwanza, yaani mashindano makubwa ya wakufunzi, aliishia kwenye 16 bora. Ukiacha ushindi wake wa visiwa vya Orange, ligi kubwa hakuichukua hadi Alola mwaka 2019, na ubingwa wa dunia ukaja 2022. Katika miaka yote hiyo alikuwa akirudi Pallet mikono mitupu, anakuta chakula mezani, analala, na mara kadhaa anaondoka tena na nguo mpya alizoandaliwa na mama. Sikumbuki hata siku moja Delia akimuuliza kombe liko wapi.

Lakini anayetaka kumjua vizuri aitafute filamu ya tatu, ya mwaka 2000. Kule Greenfield kuna mtoto mdogo, Molly, ambaye baba yake mtafiti amemezwa na Unown, Pokémon wenye maumbo ya herufi, na mama hayupo. Unown wanageuza kila anachotamani kuwa kweli. Jumba lao linafunikwa na fuwele, Entei, Pokémon mkubwa mfano wa simba, anajitokeza kuwa baba, na Molly anapotaka mama, Entei anakwenda kumbeba Delia, anampumbaza akili ajione ni mama wa mtoto yule. Kinachomzindua ni kumwona Ash kwenye televisheni. Naye, akili ilipomrudia, hakumgeuzia Molly kisogo. Amekuwa mateka wa mtoto wa mtu na bado anamtazama kama mtoto. Huku chini Ash anapanda mnara ule wa fuwele, na kwa mara moja hasukumwi na beji za ushindi wala kuokoa dunia. Kamfuata mama yake.

Kwenye gemu akina mama hawana nafasi hiyo, ila mmoja ananichekesha. Katika Pokémon Gold na Silver za 1999 unaweza kumwachia mama akutunzie robo ya hela za ushindi. Anatunza kweli, lakini ghafla anakupigia simu: kaona kitu kizuri dukani, kanunua. Kwa hela zako! Mara nyingine ni mdoli wa kupamba chumba chako.

Lawama yangu mimi iko kwa waandishi. Chukua wasichana wawili waliosafiri na Ash. Mama yake Dawn, Johanna, alikuwa mshindani mkubwa wa maonyesho ya Pokémon. Mama yake Serena, Grace, alikuwa mshindani wa mbio za kupanda Rhyhorn, Pokémon mfano wa kifaru. Delia, mama wa mhusika mkuu kwa zaidi ya miaka 20, alipewa bustani, jiko na Mr. Mime, Pokémon wa kufagia. Hata likizo yake ya Alola ilitokana na bahati nasibu aliyoshinda Mr. Mime, na ikaisha kwa mtoto kubaki huko shuleni. Kisha mwaka 2019 Ash akaondoka hata na huyo Mr. Mime.

Najua wengi mtampigia Chi-Chi wa Dragon Ball, katuni nyingine ya Kijapani, na sababu mnazo: mtoto wake alikwenda kupigana sayari nyingine akiwa bado mdogo sana. Ila Chi-Chi, mumewe Goku anapokuwepo, angalau ana wa kumfokea.