Mkuu, hiyo laki nne ya raketi kalipie kiwanja

Usinunue hiyo raketi. Kama hujatoa hela bado, rudisha simu mfukoni usome kwanza.

Umeandika kwamba uko Dodoma, mwezi ujao una mashindano ya wazi ya skwashi Dar, una laki sita na nusu tu, mazoezi unapigia kwenye ukuta wa ghala huko Kizota, na kuna mtu anayejiita kocha kakuhakikishia kwamba ukipata raketi nyepesi ya laki nne umemaliza kila kitu. Unauliza ni raketi gani, upande basi au treni, ulale wapi, na wiki ya mwisho ule nini. Mimi niliambiwa maneno hayohayo, karibu neno kwa neno, nikatoa hela, nikaenda. Sitaki yakukute.

Skwashi ina kuta nne. Wewe umezoea mmoja. Kiwanja kina urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4, kimefungwa pande zote, na pointi nyingi zinapotelea nyuma, kwenye kona, mahali ambapo ukuta wa ghala hauwezi kukufundisha chochote. Mpinzani anaanzisha mpira kwa juu, unagonga ukuta wa mbele, unapaa polepole, unagusa ukuta wa pembeni, halafu unashuka wima kwenye kona nyuma yako. Usipoupiga ukiwa hewani umekwisha, maana ukishatua hakuna tena pa kupitishia raketi: kushoto ukuta, mgongoni ukuta, na mpira umelala sakafuni.

Mpinzani wangu wa raundi ya kwanza alikuwa mtu mzima, ana kitambi, goti amelifunga bandeji. Hakukimbia hata mara moja. Alisimama katikati, pale kwenye T, mistari ya sakafuni inapokutana, akawa anaupeleka mpira kona ileile ya kushoto, taratibu kabisa, na kila nilipojaribu kuutoa raketi ilikuwa inakwaruza ukuta. Ule mlio nausikia mpaka leo. Gemu ya kwanza haijaisha, rangi ya juu ya fremu ilikuwa imebanduka yote, nyuzinyuzi nyeusi za ndani zinaonekana. Raketi ya mamia ya maelfu, haijamaliza hata wiki.

Halafu mpira wenyewe. Wa mashindano una doti mbili za njano. Ukiutoa kwenye kiboksi na kuudondosha sakafuni unatua pwaa kama tonge la ugali. Hauruki mpaka upigwe upate moto: hewa ya ndani inatanuka, raba inalainika, ndipo unaanza kuwa hai. Ndiyo maana kabla ya mechi mnapewa dakika chache za kuupasha pamoja, kisha mnabadilishana upande. Na ukishapata moto lazima uendelee kupigwa kwa nguvu, mkivutavuta muda tu unapoa na kufa tena. Wewe picha uliyoweka inaonyesha mpira wa doti ya bluu. Ule ni wa wanaojifunza, ni mkubwa kidogo na unakaa hewani muda mrefu zaidi. Mkono wako umeshazoea kusubiri mpira ufike kiunoni. Ule mwingine haufiki kiunoni. Unafika kwenye kifundo cha mguu, na wewe umesimama wima.

Usije ukadanganywa pia kwamba Dar ni joto kwa hiyo mpira utaruka wenyewe. Joto linasaidia, ndiyo, lakini kumbuka unatoka zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ya nje ni nyepesi na mpira huruka zaidi, unateremka hadi pwani. Mahesabu yote uliyoyajengea huku yanabadilika. Na jasho! Huku Dodoma upepo unalikausha hata hujajua kama limetoka. Kule linakaa mwilini, linatiririka mpaka kwenye mpini, raketi inazunguka mkononi katikati ya pigo. Beba taulo zaidi ya moja.

Kitu kingine ambacho ukuta wa ghala haukupi ni mtu. Ukicheza peke yako hujifunzi kupisha. Kwenye skwashi ukishapiga unatakiwa umwachie mwenzako njia ya kuufikia mpira na nafasi ya kuupiga kuelekea ukuta wa mbele. Ukimzuia, mara nyingine refa anasema pointi irudiwe, lakini ukisimama palepale mbele ya pigo lake la wazi, pointi anapewa yeye. Mimi niliachia pointi kwa namna hiyo bila hata kuelewa kwa nini, nikabaki nabishana na refa badala ya kuvuta pumzi. Refa alikuwa sahihi.

Sasa piga hesabu. Mechi ni ya gemu tano, wa kwanza kuchukua tatu kashinda. Gemu ni pointi 11, mkifungana 10 kwa 10 mpaka mmoja aongoze kwa mbili. Mtu asiyejiandaa anatolewa ndani ya dakika ishirini hivi. Ada ya kushiriki, nauli ya kwenda na kurudi, chumba, ruhusa ya kazini, hela ya raketi, vyote vimeliwa na dakika ishirini. Mimi nilirudi Dodoma nikiwa nadaiwa, na mtu aliyenidai alikuwa dada yangu, ambaye alitoa akiba ya ada ya mtoto wake kwa sababu nilimwambia kocha kasema.

Na kocha wangu yule. Acha niseme, maana najua yupo na anasoma. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa analipwa chake kwa kila raketi aliyomuuzia mwanafunzi. Nilimuuliza wazi kama mpira wa mashindano ni tofauti na ule tuliokuwa tunatumia, akanijibu "mpira ni mpira tu." Nilimuuliza kama niende mapema nikazoee kiwanja, akasema mashindano yenyewe ndiyo mazoezi. Mtu yule hajawahi kuingia kwenye droo, yaani ile orodha ya nani anacheza na nani, ya mashindano yoyote maishani mwake. Kijana anakuja na hamu ya mchezo, hana kitu, anakuamini, na wewe unaangalia tu ana shilingi ngapi? Huo ni wizi, hata kama umetolewa risiti. Anayekuambia wewe leo anaweza kuwa mwingine, lakini wimbo ni uleule.

Kwa hiyo fanya hivi. Laki nne hiyo iwe hela ya saa za kiwanja chenye kuta nne, na mpira wa doti mbili, na mtu anayekuzidi. Basi. Kila shilingi ijiulize: je, inaniongezea saa ya kiwanja? Kama haikuongezei, ikae. Raketi uliyonayo inatosha. Kama uzi wake umelegea tafuta anayefunga uzi wa raketi za tenisi, muulize kama anaweza na ya skwashi. Tofauti yake na ya laki nne ni gramu chache ambazo kwa kiwango chetu hazichukui pointi hata moja.

Treni au basi? Panda SGR. Safari za Dodoma zilipoanza 2024 nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 31,000, angalia ya sasa kabla hujakata tiketi. Unafika kwa saa nne au pungufu, miguu ikiwa mizima. Mimi nilipanda basi la usiku kuokoa hela ya chumba, nikashuka Mbezi alfajiri, nikaingia kiwanjani siku hiyohiyo na magoti yaliyokunjwa usiku kucha. Wewe fika siku mbili kabla ya mechi ya kwanza. Siku mbili hizo ndizo za kununulia kiwanja, asubuhi na jioni, kwenye jengo lilelile la mashindano kama inawezekana.

Ila usijitokeze getini na begi. Vilabu vingi vyenye viwanja vya skwashi ni vya wanachama, mgeni anahitaji kukaribishwa au kulipia. Mwandikie mratibu wa mashindano leo, si wiki ijayo. Mwambie unatoka Dodoma, huna kiwanja cha mazoezi, unaomba nafasi siku hizo mbili na mtu wa kucheza naye. Watu wa mchezo huu ni wachache, wanafurahi kumpata mwingine. Muulize pia kama wanaotolewa raundi ya kwanza wana droo yao ya pili, mashindano mengi huwa nayo, na hapo unapata mechi nyingine kwa ada ileile. Ukiombwa ubaki kuhesabu pointi mechi inayofuata, baki, utaona kwa karibu wenzako wanavyoitoka ile kona. Viatu viwe vya soli isiyoacha alama, soli nyeusi wanaweza kukuzuia mlangoni.

Mratibu akikujibu weka hapa tuone alichosema. Nina mipira miwili ya doti mbili haijafunguliwa, njoo Area D uchukue mmoja, hela yake utanipa ukirudi. Na kama raketi yako imechoka kweli, ya kwangu ya zamani nakuazima, uzi wake mzima. Muuzaji mwambie pesa imeshapata kazi nyingine.