"Atachagua mwenyewe akikua": kwetu hata siku ya saba hatukufika

Mdogo wangu, umeuliza kama inatosha wewe Mkatoliki na mchumba wako Mwislamu kukubaliana kwamba mtoto "atachagua mwenyewe akikua". Mimi wa Kibosho, mume wangu wa Tanga, ndoa yetu ya bomani, mwaka wa 13 huu.

Na sisi tulisema hivyo hivyo. Mtoto alipozaliwa, mume akamwadhinia sikioni palepale wodini, nikaona ni jambo dogo. Kabla wiki haijaisha mama mkwe kashuka Ubungo na hela ya mbuzi wa akika, ile sadaka ya kuchinja siku ya saba ya mtoto, na wembe wa kumnyoa. Mama yangu naye kwenye simu: ubatizo lini, na msimamizi nani? Nililia chumbani na kichanga mkononi. Mtoto wa siku saba hachagui kitu, na bibi zake hawana subira ya miaka 18.

Jina ndilo lililotuokoa. Tanga anaitwa Mariamu, Kibosho anaitwa Maria, kila bibi anajua kashinda yeye.

Akika ikafanyika. Ubatizo haukufanyika, na usidhani sikuumia. Hatukuomba ruhusa ya askofu kabla ya ndoa, kwa hiyo mpaka leo sipokei komunyo. Na hata tungeiomba, ningetakiwa kuahidi kufanya kila niwezalo watoto wabatizwe, wakati kwa mume wangu mtoto wa Mwislamu ni Mwislamu, hakuna mjadala. Nawajua watu waliogawana, wa kiume kwa baba, wa kike kwa mama. Sikukuu ikifika, ndugu wa tumbo moja wanatazamana kama wapangaji. Sikushauri.

Kilichotushtua ni darasa la kwanza. Kipindi cha dini watoto wanagawanyika vyumba viwili. Wangu akabaki koridoni, hajui aingie kipi. Fomu tuliiacha wazi pale kwenye "Dini", tukijiona wajanja! Usiku ule ndio tulizungumza kweli. Tukajaza Uislamu, jioni anakwenda madrasa. Rozari yangu siifichi, na Krismasi tunapanda wote Kibosho, akitaka anakaa nami kanisani. Kitimoto hakiingii nyumbani. Hamu ikinishika naenda kwa dada yangu.

Sasa hili hukuliuliza: mirathi. Kwa sheria ya Kiislamu, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Maana yake mimi simo, na mtoto angebatizwa asingekuwemo. Kinachobaki ni wasia, usiozidi theluthi ya mali, au hiba, yaani zawadi ya mali anayokupa akiwa bado hai. Mimi nililijua hili msibani kwa watu, mjane anaambiwa mbele ya wageni. Nyumba yetu imeandikwa majina mawili mwaka juzi tu, baada ya kununiana sana. Nyinyi liongeeni kabla ya mahari, mkiwa wawili, mawifi wasiwepo.