Barua kwa mwanangu: hilo swali lako la dola

Mwanangu Zainabu,

Salamu nyingi kutoka Kisauni. Mamako hajambo, anauliza utakuja lini.

Umeniuliza kama uache kazi ya benki ukasomee uzamivu wa viwango vya ubadilishaji fedha, na mimi niliyelifundisha somo hilo karibu miaka thelathini siwezi kukwambia dola itauzwa ngapi Jumatatu.

Kweli siwezi. Mwaka 1983 wanauchumi Richard Meese na Kenneth Rogoff walizipima nadharia kubwa za wakati huo za kukisia bei ya fedha za kigeni, zikashindwa kulipiku kisio jepesi kabisa: kwamba bei ya kesho itakuwa kama ya leo. Nilipousoma utafiti ule nilikosa usingizi. Ya nini basi kusoma?

Jibu lilikuwa dukani kwa babu yako, Biashara Street. Mwaka 1993 shilingi iliachwa ielee, yaani bei yake ipangwe na soko, naye akiagiza marobota ya leso kutoka India. Dola ikipanda asubuhi, robota limepanda. Mteja wake mshahara ni ule ule. Mwanauchumi Rudiger Dornbusch alikuwa ameshalieleza jambo hilo mwaka 1976: bei ya fedha za kigeni hukimbia, bei za bidhaa na mishahara hutambaa, ndiyo maana bei ya fedha hupitiliza kiwango chake kabla ya kurudi mahali pake. Katika hesabu zile nilimwona baba yangu, kalamu sikioni, hajui auze kwa bei gani.

Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika shilingi 160. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kulipa sehemu ya deni lililokuwa linaiva Juni, hofu kwamba itashindwa kulipa ikapoa, na kufikia Aprili dola ilikuwa karibu 130. Mwanafunzi wangu mmoja akaniuliza: mbona Marikiti mafuta ya kupikia hayajashuka vile? Nilimwambia kuna shehena zilizolipiwa kwa dola ya 160. Hilo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili, nani anabaki na tofauti ile na kwa muda gani, ndiyo ningependa uifanyie kazi wewe.

Mshahara utakuwa mdogo kuliko wa benki, na makala zako zitarudishwa mara nyingi. Mimi sijajuta.

Madaftari ya babu yako ya 1993 na 1994 yamo sandukuni, chumba cha nyuma. Kila asubuhi aliandika bei ya dola pembeni, kisha bei ya leso. Njoo uyachukue.

Babako